Sweta moja haitoshi Lenana

Mhariri,

Likizo ya Agosti au ya Desemba ikikaribia, matangazo ya safari za Mlima Kenya huzagaa hapa Mombasa, mengi yakipita kwenye simu. Yana bei, tarehe, picha ya jua likichomoza, na mwisho kabisa mstari mmoja unaomwambia mtu aje na sweta, jaketi na raba. Tunaandika kwa sababu ya mstari huo. Kazi yetu ni kupeleka vikundi mlimani, na mambo mengi yanayowatesa watu kule juu yangeweza kumalizwa hukuhuku Pwani wiki tatu kabla ya gari kuondoka.

Kwanza hesabu. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Chukua mchana wa kawaida wa Mombasa wa nyuzi 28. Lenana, kilele ambacho wasafiri wengi hukiendea, kiko mita 4,985 juu ya bahari. Toa nyuzi 32, unabaki na 4 chini ya sifuri, na hapo bado ni mchana. Watu hufika Lenana alfajiri, saa ambayo nyuzi 10 chini ya sifuri si jambo la ajabu. Sasa ongeza upepo. Nyuzi 5 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 40 kwa saa huipokonya ngozi iliyo wazi joto kana kwamba ni nyuzi 14 chini ya sifuri. Friza ya samaki sokoni huwekwa kwenye 18 chini ya sifuri. Hiyo ndiyo hewa anayoiendea mtu mwenye sweta na raba.

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa tuko kwenye ikweta, baridi kali ni habari ya Ulaya na Marekani, ambako huja na majira yake na kuondoka. Kwetu haiondoki. Iko palepale juu kila usiku wa mwaka, kinachobadilika ni mvua tu. Mwaka 1848 mmishonari Johannes Rebmann alitoka Rabai, hapo nyuma yetu tu, akaona weupe juu ya Kilimanjaro. Mwongozaji wake hakuhangaika kutafuta jina la kitu kile, aliuita baridi. Kule London wapo waliobisha kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta, na ubishi huo bado tunausikia kwa watu wanaofungasha mabegi.

Miezi mikavu ni Januari na Februari, kisha mwisho wa Juni hadi Septemba. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huleta matope chini na theluji juu, kwa hiyo safari ya mapema Desemba mara nyingi hukutana na mkia wa vuli. Lakini mtu asidhani Agosti kavu ina joto. Mawingu ni blanketi. Usiku ukiwa mweupe kwa nyota, joto la ardhi hupaa lote, na alfajiri nyasi zimeganda sakitu na vijito vimefunga ngozi ya barafu.

Hata hivyo baridi kavu peke yake haiui watu wengi. Kinachoua ni kurowa, kisha kupigwa na upepo. Maji huondoa joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia, ndiyo maana mvua ya nyuzi 4 kwenye mita 3,500 ina hatari kuliko theluji kavu ya kileleni, ambayo unaikung'uta tu ikaanguka. Na si mvua pekee. Mtu anayepanda kwa kasi akiwa amejifunga jaketi nzito hutoka jasho, fulana inashika maji, kisha anaketi kupumzika kwenye upepo. Dakika kumi zinatosha. Njia ya Naro Moru ina kinamasi cha mteremko juu ya kituo cha hali ya hewa ambapo mtu huzama hadi kifundo cha mguu kwa saa kadhaa. Mwenye raba za kitambaa hufika kambi ya Mackinder, mita 4,200, na miguu iliyorowa, na jua linazama saa kumi na mbili na nusu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya nguo ni kwamba pamba haipandi. Fulana ya pamba, jinzi, soksi za shule, leso na kikoi, vyote hunywa maji na havikauki. Leso ibaki begini kwa kazi za kambini. Mwilini vaa poliesta au sufu, ambayo hata ikirowa hubakisha joto kiasi.

Mombasa tuna bahati moja. Mitumba ya Kongowea imejaa nguo za baridi ambazo hakuna mtu huku anazitaka, kwa hiyo jaketi la watelezaji theluji la Ulaya utalipata kwa bei ya shati. Shida ni kujua unachonunua, maana lebo nyingi zimekatwa. Chomoa uzi mmoja kutoka mshono wa ndani, uwashe kwa kiberiti mbali na nguo yenyewe. Ukiwaka haraka, ukanuka karatasi na kuacha jivu jepesi, ni pamba, rudisha. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu. Ukiyeyuka na kuganda kidonge kigumu cheusi, ni poliesta au nailoni, na hiyo inafaa. Kwa jaketi la mvua, ligeuze nje ndani kwanza. Kwenye mishono kuna utepe wa kuzuia maji. Ukiwa umebanduka, au kitambaa cha ndani kinapukutika kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, jaketi hilo limekufa hata kama nje linang'aa. Lililobaki zima lijaribu nyumbani: weka karatasi ya chooni chini ya bega la jaketi, mwagia vijiko vitatu vya maji juu, kandamiza kwa kiganja dakika tano. Karatasi ikirowa, tafuta jingine. Koti la mvua la plastiki la boda boda huzuia maji vizuri, ila hupasuka kwenye upepo wa mlimani na ndani yake mtu huloweshwa na jasho lake mwenyewe.

Buti ndizo zinazodanganya zaidi. Soli za kati za buti nyingi za mlimani ni povu la poliurethani, na povu hilo huozeshwa na joto na unyevu. Buti iliyokaa stoo miaka minane huonekana mpya, halafu soli yake inakatika kama keki siku ya pili ya safari, na hewa ya Mombasa huharakisha uozo huo. Bonyeza povu kwa ukucha wa kidole gumba. Likibaki na shimo au likimomonyoka, usinunue. Likirudi, nunua kubwa kuliko saizi yako kwa nusu au moja, jaribu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, na vaa ukiwa na soksi zilezile za safari. Vidole lazima vicheze. Wapo wanaovaa soksi jozi tatu ndani ya kiatu kilichobana wakidhani wanaongeza joto, kumbe wamekaba damu, na damu ndiyo inayopasha vidole. Kisha tembea nazo hapa mjini wiki mbili, panda ngazi za ghorofa ukiwa na begi la kilo 8, ili malengelenge yakutoke Mombasa ambako kuna duka la dawa.

Mavazi yenyewe huenda kwa tabaka. Fulana nyembamba ya mikono mirefu ya poliesta au sufu, juu yake flisi, ile sweta laini ya poliesta yenye manyoya, juu yake jaketi lililojazwa manyoya ya bata au pamba ya plastiki, na nje kabisa jaketi la mvua lenye kofia. Manyoya ni mepesi na yana joto sana, lakini yakirowa hunywea yakawa kama kuku aliyenyeshewa, kwa hiyo kwa miezi ya vuli tunapendekeza lile la pamba ya plastiki. Chini, suruali nyembamba ya ndani, suruali ya kutembelea isiyo jinzi, na ya mvua. Kina dada wanaovaa buibui hawana haja ya kuliacha, ila upindo unaoburuzwa hunyonya maji ya umande na alfajiri huganda ukawa kama bati. Vazi pana la poliesta linaloishia chini kidogo ya goti, juu ya suruali mbili, hufanya kazi vizuri. Hijabu ya pamba ibadilishwe kwa ya flisi au poliesta, kwa sababu ile ya pamba hushika mvuke wa pumzi mdomoni na kuganda hapo.

Ondoka kambini ukihisi baridi kidogo. Ukianza safari ukiwa na joto zuri, baada ya robo saa utakuwa unatiririka. Vua tabaka moja kabla ya jasho na si baada yake, na ukisimama tu, hata kwa kunywa maji, vaa jaketi kwanza ndipo ufungue chupa.

Sasa jambo ambalo tungetaka kila mtu alikate na kulibandika kwenye begi: seti ya kulalia haitembei. Fulana moja, suruali ya ndani moja, soksi nene jozi moja na boshori, vyote vikiwa vikavu na vimefungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Havivaliwi njiani hata mvua inyeshe kiasi gani. Ukifika kambini, kabla ya chai, kabla ya picha, unavua kila kilichorowa hadi ngozini na kuvaa hivyo. Kesho asubuhi unavirudisha mfukoni na kuvaa tena vile vibichi, na ndiyo, ni dakika tano za mateso. Anayekwepa dakika hizo tano kwa kutembea na nguo zake kavu hana tena kitu cha kumwokoa jioni. Mfuko huo usiwe ule wa plastiki wa dukani. Mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, chupa za maji zikiwemo, haziingizwi kwenye mbuga za taifa. Mfuko wa turubai jembamba unaofungwa kwa kukunjwa mdomo ndio unaofaa, nao mafundi wa maturubai wanaweza kuushona.

Glovu ziwe jozi mbili: nyembamba za flisi za kushikia zipu na kamba, na nene zisizopitisha upepo za kuvaa juu yake. Zifunge kwa uzi kwenye mkono wa jaketi, maana glovu moja iliyopeperuka kuelekea bondeni ni vidole vitano.

Kwa wenzetu Waislamu, maswali ya udhu huzuka watu wakishafika kambi ya Shipton, wakati maji ya kijito yana barafu juu. Muulizeni sheikh wenu kabla ya safari kuhusu kupaka maji juu ya khofu, yaani soksi za ngozi, ruhusa ambayo kwa msafiri ni siku tatu na usiku wake, na kuhusu kutayamamu, yaani kujitoharisha kwa udongo. Kwa upande wa mwili sisi tunasema hivi: pasha maji moto, kuwa na kitambaa kidogo maalumu, na futa hadi katikati ya vidole kabla ya kurudisha soksi na glovu.

Mfuko wa kulalia unaweza kukodiwa Nanyuki, Naro Moru au Moshi, na hapo napo kuna mitego. Lebo huwa na namba mbili au tatu. Ya joto zaidi ndiyo ya mtu kulala kwa raha, na ile ya chini kabisa ni ya kutokufa tu, nayo ndiyo anayokusomea mwenye duka. Kwa Shipton au Mackinder, namba ya raha iwe kati ya 7 na 10 chini ya sifuri. Ukung'ute, utandaze, ungoje robo saa. Ukibaki bapa kama chapati, umechoka. Unyanyue kwenye mwanga uone kama kuna sehemu ambapo manyoya yamehama na kuacha kitambaa kitupu. Chini yake lazima kuwe na godoro la povu, kwa sababu uzito wa mwili hukandamiza mfuko na ardhi hufyonza joto usiku kucha. Mtu mwenye mfuko mzuri na godoro bovu hulala vibaya kuliko mwenye mfuko wa kawaida juu ya povu mbili.

Kabla ya kulala, jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu, igeuze chini juu uhakikishe haivuji, ivike soksi, itie kati ya mapaja. Kula kitu chenye mafuta. Ukibanwa na haja ndogo, toka uende, kujizuia hakusaidii. Usizamishe uso ndani ya mfuko, pumzi hulowesha manyoya. Kichwa kivike boshori, pua ibaki nje.

Chupa hiyohiyo asubuhi ndiyo maji yako ya njiani. Kunywa lita 3 hadi 4 kwa siku, ingawa baridi huua kiu. Mipira ya kunywea inayotoka begini huganda saa ya kwanza ya kupanda kilele, hivyo beba chupa, na uiweke kichwa chini begini: barafu huanzia juu, na ukiigeuza kifuniko kitakuwa upande ambao haujaganda.

Chakula cha Pwani kinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Tende hazigandi zikawa mawe, hazihitaji kupikwa, na gramu 100 zina kalori karibu 280. Kashata za njugu zina zaidi. Weka za kutosha kwenye mfuko wa jaketi, si begini, kwa sababu kwenye baridi hakuna anayesimama kufungua begi. Maharagwe yaacheni nyumbani. Kwenye mita 4,200 maji huchemka yakiwa na nyuzi 86 tu, na maharagwe yatamaliza gesi kabla ya kuiva. Gesi nayo ina tabia zake: vile vikopo vya butani tupu husita kutoa mvuke baridi ikikaribia sifuri, kwa hiyo tafuta vyenye mchanganyiko wa propani, au lala nacho kikopo ndani ya mfuko. Jiko la makaa lisiingie hemani wala kwenye chumba kilichofungwa, hata kwa dakika tano za kuota. Hewa ya makaa haina harufu ya kukuonya.

Betri za alkali hufa kwenye baridi, za lithiamu huhimili. Simu ikae kifuani chini ya flisi.

Tukija kwenye mwinuko, hapa mtu wa Mombasa yuko nyuma ya kila mtu. Wa Nyeri au Nanyuki hulala karibu mita 1,800 au 1,900 kila siku. Sisi tunaishi kwenye usawa wa bahari. Safari za siku tatu zinazouzwa sana humchukua mtu kutoka kwenye basi la usiku na kumlaza kambi ya Old Moses, mita 3,300, kesho yake Shipton, mita 4,200, na usiku uleule wa pili anaamshwa kwenda Lenana. Kanuni inayotumiwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kuwe na siku ya kupumzika kila baada ya siku tatu au nne. Kwenye njia hiyo, ya Sirimon, vituo havikupangwa kwa mita 500, ndiyo maana tunashauri usiku mmoja Nanyuki, miwili Old Moses huku mchana wa katikati ukipanda na kushuka, na miwili Shipton. Ni siku sita badala ya tatu, na ni ghali zaidi. Anayetaka kupunguza gharama afanye mazoezi Taita kwanza. Kilele cha Vuria kina mita 2,208. Hakitakuzoesha hewa nyembamba, ila kitakuonyesha kama jaketi lako linavuja.

Kuna uhusiano kati ya kimo na baridi ambao watu hawauoni. Anayeumwa kichwa na kichefuchefu hali, hanywi, hatembei, basi hatoi joto. Na baridi yenyewe hubana mishipa ya mapafu, jambo linaloongeza hatari ya mapafu kujaa maji. Kikohozi chenye povu, kuhema hata ukiwa umekaa, kuyumba kama mlevi au kuchanganyikiwa, dawa yake ni kushuka mara moja, iwe usiku au mvua. Vidonge vya asetazolamaidi husaidia mwili kuzoea lakini viandikwe na daktari. Hukojoza, na huleta ganzi na mwasho vidoleni ambao mtu anaweza kuudhania ni baridi.

Usiku wa kilele watu huondoka Shipton saa nane au saa tisa usiku ili wafike Lenana jua likichomoza. Sababu yake si picha. Mawingu hujikusanya kuanzia kabla ya adhuhuri, na alasiri huleta theluji, ukungu na radi. Kikundi kikubaliane jana yake, watu wakiwa na akili zao, kwamba ikifika saa tatu asubuhi popote walipo wanageuka. Kule juu hakuna anayefikiri sawasawa, na mtu aliyelipa nauli kutoka Mombasa atakuambia kila mara kimebaki kidogo. Miwani ya jua ivaliwe mara tu kunapopambazuka palipo na theluji, maana theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya miale na macho huungua bila mtu kuhisi, yakaanza kuuma jioni kama yamejazwa mchanga.

Dalili za mwili kupoa zijulikane na kila mmoja, kwa sababu anayepoa hajijui. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 mtu hutetemeka, hunung'unika, hujikwaa, huongea kama ana kitu mdomoni. Mwambie aguse kidole gumba kwa kidole cha mwisho cha mkono uleule, kisha afunge zipu yake mwenyewe. Akishindwa, safari yake imekwisha. Na akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, msifurahi, hiyo ni hatua mbaya zaidi. Mtoeni kwenye upepo, mvueni kila kilichorowa, mlazeni juu ya povu ndani ya mfuko mkavu, chupa za moto zilizovikwa soksi ziwekwe makwapani na kifuani. Chai ya tangawizi yenye sukari nyingi, ikiwa anaweza kushika kikombe na kumeza. Msimsugue mikono na miguu, msimpe pombe, msimwache peke yake, na asinyanyuliwe kwa kuvutwa, maana moyo uliopoa hushtuka. Vidole vilivyokuwa vyeupe na vigumu navyo havisuguliwi wala havioshwi kwa theluji. Viwekwe kwapani mwa mwenzake, na vikiwa vimeganda kabisa visiyeyushwe kama vitaganda tena njiani.

Kabla ya kulipa, kapime afya, na kwa watu wa Pwani tunataja kipimo kimoja hasa: selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell). Ugonjwa huu uko wa kutosha huku kwetu, na mwenye nao hapaswi kwenda kwenye hewa nyembamba na baridi. Hata mwenye kubeba kinasaba tu, ambaye hajawahi kuugua, anaweza kupata maumivu makali ya bandama akiwa juu, kwa hiyo azungumze na daktari. Mwenye kisukari abebe insulini mwilini, kwani ikishaganda haitumiki tena hata ikiyeyuka. Wenye muguka nao waiache Mombasa: inaua hamu ya kula na kuficha uchovu, vitu viwili ambavyo mlimani unahitaji kuvisikia.

Walimu wanaopeleka wanafunzi wakumbuke kwamba mwili mdogo hupoa haraka kuliko wa mtu mzima, na mtoto hasemi, hunyamaza tu.

Muandalizi naye aulizwe maswali kabla ya pesa kutumwa. Tutalala wapi kila usiku, na kwenye mita ngapi? Nani ana kauli ya mwisho ya kugeuka? Mifuko ya kulalia ina namba gani? Wapagazi wana buti na mahali pa kulala, au watakuja na makubadhi na kulala jikoni wakijifunika turubai? Swali hilo la mwisho ni la utu, lakini pia ni la usalama wako, kwa kuwa mpagazi akiugua, mfuko wako wa kulalia umebaki nyuma pamoja naye. Wanaokwenda Kilimanjaro kupitia Taveta wajiandae vivyo hivyo na kuzidisha, kwa kuwa kilele chake, Uhuru, kiko mita 5,895 na usiku wa kilele ni mrefu zaidi. Kule mwongozaji mwenye kibali ni sharti la hifadhi.

Mkirudi, msitupe vitu stoo vikiwa vimefungwa. Unyevu wa Mombasa huotesha kuvu kwenye mfuko wa kulalia kwa wiki moja. Uanikeni kivulini kwenye upepo siku mbili, muutundike wazi bila kuukunja, buti zijazwe magazeti na kukaushwa mbali na jua, na jaketi la mvua lioshwe kwa sabuni kidogo isiyo na laini ya nguo, kwa sababu laini hiyo huua uwezo wake wa kuzuia maji.

Waongozaji wa safari za mlimani,
Mombasa